Kuomba na kusimamia fedha za umma kwa kampuni changa ya nishati safi, ukiwa Nairobi

Fedha za umma hupewa kampuni changa ya nishati ili zinunue jibu. Betri hii itastahimili joto la Lodwar mwaka mzima? Mpika chapati wa Kangemi atakubali kulipa shilingi ngapi kwa siku akiacha makaa? Kampuni ikishauza majiko elfu moja, gharama ya kumhudumia mteja mmoja inashuka au inapanda? Benki za kibiashara hazilipii maswali ya aina hii, kwa sababu jibu huenda likawa hapana na mkopo bado unadaiwa. Hapo ndipo ruzuku inapoingia. Ombi linalotaja swali waziwazi, gharama ya kulijibu na muda utakaohitajika husomwa kwa makini. Linalosema tu kwamba kampuni inataka kukua halifiki mbali.

Mpangilio wa hapa chini unafuata kazi yenyewe: kujua ulipofika, kuchagua mfuko, kuweka karatasi sawa, kupiga hesabu, kuandika, kisha kutunza pesa zikishaingia. Sehemu ya hesabu isome mara mbili. Kampuni inaweza kushinda ruzuku na bado ikafungwa kwa kukosa pesa za mishahara, na hilo huonekana kwenye karatasi miezi mingi kabla halijatokea.

Jua ulipofika

Karibu kila fomu itakuuliza kiwango cha ukomavu wa teknolojia. Ni kipimo cha 1 hadi 9 kilichoanzia NASA, na kwenye fomu huandikwa kwa kifupi TRL. Kiwango cha 1 hadi 3 ni wazo na vipimo vya awali vya maabara. Cha 4 hadi 6 ni kifaa cha majaribio, kwanza mezani, baadaye katika mazingira yanayofanana na ya mteja. Cha 7 ni kifaa kamili kinachofanya kazi mahali halisi, na 8 na 9 ni bidhaa iliyokamilika na kuthibitishwa.

Wengi hujipa kiwango cha kipande chao bora. Jiko la umeme lenye betri iliyonunuliwa China, inayouzwa duniani kote, lina betri ya kiwango cha 9. Lakini kama ubao wa kudhibiti umeme umeutengeneza mwenyewe na umefanya kazi wiki mbili tu karakana, jiko zima liko kwenye 4. Mfumo hupewa kiwango cha sehemu yake dhaifu. Majaji wenye ujuzi wa uhandisi hulitafuta kosa hili kwanza, na wakilipata hawaamini tena tarakimu zako nyingine.

Njia rahisi ya kujipima ni kuuliza fundi wako yuko wapi kifaa kinapofanya kazi. Akiwa amesimama kando yake, uko 4 au 5. Akiwa anakitembelea kila wiki nyumbani kwa mteja, uko 6. Kama vifaa ishirini vimekaa kwenye nyumba ishirini kwa miezi sita na fundi huenda pale tu anapoitwa, unaweza kuandika 7 bila wasiwasi. Ambatanisha takwimu zilizorekodiwa na kifaa chenyewe: volti, joto, saa za matumizi, pamoja na tarehe. Ongeza orodha ya hitilafu zote zilizotokea, sababu yake na marekebisho mliyofanya. Wengine huificha orodha hiyo wakidhani itawaaibisha, kumbe ndiyo inayomwonyesha jaji kwamba majaribio yalifanyika kweli.

Pesa ziko wapi

Anza nyumbani. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ndiyo iliyounda taasisi tatu ambazo majina yake huchanganywa: NACOSTI inayosimamia na kutoa vibali vya utafiti, KeNIA inayounganisha wabunifu na soko, na Mfuko wa Taifa wa Utafiti, yaani NRF. Pesa za NRF zinalenga utafiti, kwa hiyo kwa kampuni changa njia inayopitika ni kuingia kama mshirika wa chuo kikuu au taasisi ya utafiti. Mhadhiri anabeba utafiti, nanyi mnabeba kifaa na watumiaji. Andikeni mkataba wa nani anamiliki matokeo kabla ya kuwasilisha ombi, maana baada ya pesa kuingia mazungumzo hayo huwa machungu.

KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda iliyoko South C, ina karakana na maabara, ikiwemo ya kupima majiko. Kwa kampuni iliyo kwenye kiwango cha 4 huduma hizo zina thamani kubwa kuliko hundi ndogo, kwa sababu ripoti ya maabara ya umma hukubalika kwa wafadhili wengine. Kenya Industrial Estates, iliyoanza 1967, hutoa mikopo kwa viwanda vidogo. Itakufaa unapoagiza mashine ya kukunja bati, ila si wakati ambapo bado hujui bati hilo lina umbo gani.

Mfuko wa Vijana, Mfuko wa Wanawake na Uwezo ni mikopo ya kuzungusha bidhaa. Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 2022, ilianza kwa kumkopesha mtu binafsi kati ya shilingi 500 na 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Hiyo haiwezi kugharimia utafiti wa nishati, na kukopa hapo ili kujaza pengo la ruzuku ni kujitafutia deni la jina lako mwenyewe.

Oda za serikali nazo ni fedha za umma. Chini ya mpango wa AGPO, asilimia 30 ya manunuzi ya serikali hutengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kaunti hununua taa za sola, vipasha maji na majiko ya taasisi. Shida ni malipo kuchelewa. Usichukue oda ya kaunti kama huwezi kuishi miezi mingi bila kulipwa.

Nje ya Hazina ya Kenya kuna mifuko inayobeba kodi za nchi nyingine, na mingi ina watu wake hapa Nairobi. Kenya Climate Innovation Center ilianza 2012 kwa msaada wa Benki ya Dunia, Uingereza na Denmark. Hulea kampuni, huzipa ushauri na katika baadhi ya programu huzipa pesa za kuthibitisha wazo. Africa Enterprise Challenge Fund, iliyoanzishwa 2008 na yenye makao yake Nairobi, imekuwa na dirisha la nishati liitwalo REACT. EEP Africa, inayosimamiwa na Nordic Development Fund, hulenga miradi ya mashariki na kusini mwa Afrika, na kiwango chake cha kawaida huanzia euro 200,000, kwa hiyo ni kubwa mno kwa kampuni ya watu watatu. Energy Catalyst ya Innovate UK, wakala wa ubunifu wa serikali ya Uingereza, hugawa maombi kwa hatua ya mwanzo, ya kati na ya mwisho, na kwa kawaida huhitaji mshirika aliyesajiliwa Uingereza. Programu ya MECS inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Loughborough hushughulikia upishi wa kisasa, hasa wa umeme.

Aina ya tatu ni malipo kwa matokeo. Unauza kwanza, mhakiki anathibitisha, ndipo unalipwa. KOSAP, mradi wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 ulioidhinishwa 2017 kwa kaunti 14 zenye umeme haba, kuanzia Turkana na Mandera hadi Kwale na Narok, ulitumia mtindo huu kuvuta wauzaji wa mifumo ya sola ya nyumbani na majiko bora. Kampuni iliyo chini ya kiwango cha 8 isiguse mtindo huu. Hauna fedha za kujaribu. Unalipa mauzo tu.

Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kampuni zilizokuwa zimeshatumia pesa zikisubiri kurejeshewa ziliachwa na ankara mkononi. Somo lake ni la kihesabu: usiwe na mfadhili mmoja wa serikali moja anayebeba zaidi ya nusu ya mishahara yako. Na kwenye mkataba tafuta kifungu kinachoeleza nani analipia gharama ulizokwisha kuingia ikiwa mfadhili atasitisha. Kama hakipo, omba kiwekwe.

Mfuko halali haukutozi ada ya kuomba. Anayekupigia akidai asilimia kumi mapema ili "akuunganishe na ofisi" ni tapeli, hata akitaja jina la afisa unayemjua. Kumlipa mwandishi wa ombi kwa kazi yake ni sawa. Kumwahidi sehemu ya ruzuku kwa kawaida hakukubaliki chini ya masharti ya mfadhili, na mkaguzi akiligundua utarudisha pesa.

Karatasi

Kazi hii haina ladha, lakini humwangusha mwombaji kabla hata wazo lake halijasomwa. Andaa faili moja yenye cheti cha usajili wa kampuni kutoka eCitizen, CR12 ya karibuni (hati ya msajili inayoorodhesha wakurugenzi na wenye hisa), orodha ya wamiliki halisi iliyowasilishwa kwa msajili, pini ya KRA ya kampuni na za wakurugenzi, hati ya uzingatiaji kodi, kibali cha biashara cha kaunti, taarifa za benki za miezi kumi na miwili, na hesabu za mwaka. Hesabu zikikaguliwa na mhasibu mwenye leseni ya ICPAK, chama cha wahasibu, milango mingi zaidi hufunguka.

Jina la biashara lililosajiliwa kwa mtu mmoja halitoshi kwa mifuko mingi, kwani hutaka kampuni yenye dhima yenye mipaka. Majina ya wakurugenzi yafanane herufi kwa herufi kwenye CR12, kitambulisho na fomu ya ombi. Mwanzilishi aliyeondoka bila hisa zake kuhamishwa bado yuko kwenye CR12, na mfadhili atamuulizia. Hati ya uzingatiaji kodi nayo hukataliwa na iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa KRA, ikiwa kuna ritani moja tu haijajazwa, hata ya mwezi ambao hukuuza chochote. Jaza ritani za sifuri.

Barabara ya Popo pale South C utaizoea: KEBS (ya viwango vya ubora), NEMA (ya mazingira) na KIRDI zote ziko pale, kwa hiyo panga siku moja uzipitie kwa pamoja. KIPI, taasisi inayosajili uvumbuzi, wape ombi la hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) kabla ya kuonyesha kifaa kwenye shindano au maonyesho. Hataza hudumu miaka 20, na cheti cha modeli ya matumizi, kinachofaa maboresho madogo ya jiko au kifungo cha betri, miaka 10. Ukitangulia kuonyesha hadharani na baadaye ukataka ulinzi Ulaya, utaambiwa kwamba uvumbuzi si mpya tena.

KEBS waulize ni kiwango gani kinakuhusu. Majiko ya kuni na makaa yana KS 1814, na mfumo wa kimataifa wa kupima majiko ni ISO 19867-1. Mifumo midogo ya sola isiyozidi wati 350 hupimwa kwa utaratibu wa IEC TS 62257, ambao ndio msingi wa cheti cha VeraSol cha ubora wa vifaa vya sola. Kwa malipo kwa matokeo, cheti cha aina hii mara nyingi ni sharti la kuingia. Anayefunga sola awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, ya daraja linalolingana na ukubwa wa mfumo. NEMA itakuuliza habari za betri zilizokwisha: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtwika mtengenezaji na mwagizaji wajibu wa bidhaa hadi mwisho wa maisha yake. Kama vifaa vyako hutuma takwimu za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inakuhusu. Tayarisha fomu fupi ya ridhaa kwa Kiswahili ambayo mteja anaielewa kabla ya kutia sahihi.

Bajeti, na shimo lililo ndani yake

Tuchukue mfano. Kampuni inataka kuweka majiko 40 ya umeme yenye betri kwenye nyumba za Kawangware na Dagoretti kwa miezi kumi na miwili. Bei ni za kuonyesha hesabu tu.

- Majiko 40 kwa shilingi 55,000: 2,200,000
- Usafirishaji, ushuru na kutoa mzigo: 450,000
- Mishahara, shilingi 350,000 kwa mwezi: 4,200,000
- Vipimo vya maabara: 900,000
- Ziara za nyumbani na ukusanyaji takwimu: 1,000,000
- Ukaguzi wa hesabu: 250,000
- Gharama za ofisi na dharura: 1,000,000

Jumla ni milioni 10. Mfuko unalipa asilimia 70, yaani milioni 7, nawe unaweka milioni 3. Malipo yanakuja kwa awamu nne: asilimia 30 baada ya kutia sahihi, 40 baada ya majiko kufika na kufungwa, 20 baada ya ripoti ya miezi tisa, na 10 baada ya ukaguzi. Kwa shilingi ni 2,100,000, kisha 2,800,000, kisha 1,400,000, mwisho 700,000.

Sasa tembea na hesabu mwezi kwa mwezi. Miezi mitatu ya kwanza unalipia majiko na kuyaleta, 2,650,000, pamoja na mishahara 1,050,000. Umetumia 3,700,000 na umepokea 2,100,000. Shimo ni 1,600,000, na hujafunga jiko hata moja. Mzigo unafika, mnafunga, mnaandika ripoti, mfadhili anachukua siku sitini kuipitia. Mishahara ya miezi hiyo miwili ni 700,000. Kabla awamu ya pili haijaingia shimo limefika 2,300,000 bila kuhesabu ziara na ofisi.

Kama milioni 3 zako ni pesa taslimu zilizoko benki, utavuka. Kama milioni moja na nusu kati yake ni "mchango wa hali na mali", yaani chumba cha ofisi ulichokipigia bei na mishahara ambayo waanzilishi hawajilipi, una pungufu la 800,000 kwenye mwezi wa tano. Mchango huo unakubalika kwenye fomu, lakini haumlipi dereva wala wakala wa forodha. Chora jedwali hili kabla ya kuomba. Likionyesha shimo usiloweza kulijaza, jadili awamu kabla ya sahihi: omba asilimia 40 mwanzoni, au gawanya hatua ya pili iwe mbili, malipo mamoja mzigo unapopakiwa na mengine majiko yakishafungwa. Wafadhili wengi husikiliza wakionyeshwa jedwali. Baada ya sahihi hawawezi, kwani wao pia wamefungwa na kanuni zao.

Kwenye forodha usibahatishe. Kwa bidhaa zinazoingia kwa matumizi ya ndani kuna ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya maendeleo ya reli ya asilimia 2, kando na ushuru wenyewe na VAT ya asilimia 16 pale isiposamehewa. Misamaha ya vifaa vya sola imebadilishwa zaidi ya mara moja na sheria za fedha: VAT ilirudishwa 2020, ikaondolewa tena 2021. Mpe wakala wako wa forodha nambari ya ushuru ya kila kipande na upate jibu lake kwa maandishi. Jiko lenye betri ndani yake huenda lisihesabiwe kama kifaa cha sola. Betri za lithiamu zinahitaji ripoti ya jaribio la UN 38.3 ili zisafirishwe, na mtengenezaji asiyekuwa nayo atakuchelewesha bandarini. Mifuko mingi hailipii VAT wala faini za kuchelewa kutoa kontena, kwa hiyo hizo zitatoka kwenye zile milioni 3.

Kuna pia sarafu. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika shilingi 160. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa karibu 129. Ruzuku ya dola 50,000 iliyopangwa kama milioni 8 ikawa kama milioni 6.45, na mishahara ilikuwa ileile. Panga bajeti kwa kiwango kilicho chini ya cha siku hiyo kwa asilimia kumi hivi, na gharama za dola, kama betri, zilipie moja kwa moja kutoka akaunti ya dola bila kubadilisha mara mbili.

Kuandika ombi

Ukurasa wa kwanza uwe na swali moja, jibu mtakalopata, namna litakavyopimwa na kile kitakachofanyika jibu likiwa baya. Sehemu hiyo ya mwisho huachwa na wengi. Andika wazi: "Ikiwa chini ya nusu ya nyumba zitapika angalau mlo mmoja kwa siku kwenye jiko hili baada ya miezi mitatu, tutabadilisha ukubwa wa betri kabla ya kuagiza zaidi."

Hatua za malipo ziwe vitu ambavyo mtu mwingine anaweza kuvihesabu. "Kuhamasisha jamii" haihesabiki. "Majiko 40 yamefungwa, nambari zake za utambulisho na mahali yalipo vimeorodheshwa" inahesabika. Usiahidi hatua inayotegemea ofisi usiyoitawala. Ukisema cheti cha KEBS kitapatikana mwezi wa nne, umemkabidhi mtu mwingine mishahara yako. Andika "sampuli zimewasilishwa na ada imelipwa".

Takwimu za mwanzo zikusanywe kabla ya kifaa kufika. Nyumba inatumia mikebe mingapi ya makaa kwa wiki? Mtungi wa gesi wa kilo 6 unadumu siku ngapi? Tokeni za umeme ni za kiasi gani kwa mwezi? Hili la mwisho linabeba jambo ambalo miradi ya kupika kwa umeme husahau. Tangu Aprili 2023 bei ya chini ya KPLC ni kwa nyumba inayotumia wastani wa uniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Nyumba inayotumia uniti 25, ikiongeza uniti moja tu kwa siku ya kupikia, inafika 55 na kuhamia bei ya juu, na bei hiyo inahusu hata uniti za taa na televisheni. Akiba uliyomwahidi mama wa nyumba inapungua au inatoweka. Ifanye hesabu hii wewe kabla jaji hajakufanyia.

Barua za kuunga mkono kutoka kwa chifu, mbunge na shirika la mtaa hazina uzito mkubwa. Barua ya chama cha akiba inayosema kitanunua majiko 200 kwa bei iliyotajwa, yakivuka kipimo kilichotajwa, ina uzito. Ikiwa na amana iliyolipwa, ni bora zaidi.

Tengenezeni mfano wenu wa mwisho mahali mnapoweza kuurudia. Jiko lililochomelewa na fundi hodari wa Kamukunji au Kariobangi Light Industries hufanya kazi vizuri, ila la pili huwa na tofauti ya milimita kadhaa, na maabara hupima sampuli zaidi ya moja. Chora michoro yenye vipimo, tengeneza jigi, yaani kishikilio kinachofanya kila jiko litoke kwa vipimo vilevile, ndipo upeleke.

Kama unapanga kuuza kaboni, yaani hati za hewa chafu ambayo majiko yako yameipunguza, sema mapema. Kenya ilitoa kanuni za masoko ya kaboni mwaka 2024, na mfadhili anayelipa kwa kila jiko atataka kujua kama jiko hilohilo limetolewa hati ya kaboni iliyouzwa kwa mwingine. Kuficha jambo hili ni njia ya haraka ya kuvunja mkataba.

Pesa zikiingia

Fungua akaunti ya benki ya ruzuku peke yake, yenye watia sahihi wawili. Pesa zikichanganyika na za mauzo hata wiki moja, mkaguzi atalazimika kuzifumua na atakayemlipa kwa kazi hiyo ni wewe.

Kila ununuzi mkubwa uwe na kotesheni tatu za tarehe zinazokaribiana, kutoka kwa wauzaji tofauti kweli. Kotesheni tatu za maduka ya Luthuli Avenue zenye nambari moja ya simu hutambulika mara moja. Kila risiti iwe ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki: tangu Januari 2024 KRA haikubali gharama isiyokuwa nayo kwenye hesabu za kodi, na wakaguzi wa ruzuku nao huitaka. Kwa fundi au mwendeshaji boda asiyekuwa na eTIMS, uliza mhasibu wako namna ya kutoa ankara ya upande wa mnunuzi, na lipa kwa M-Pesa ya kampuni ili ibaki kumbukumbu. Muulize pia, kabla ya mwaka wa fedha kuisha, jinsi ruzuku itakavyoingia kwenye kodi ya mapato yenu.

Mshahara bila karatasi ya saa za kazi iliyotiwa sahihi kila mwezi ndio gharama inayokataliwa kirahisi zaidi, na ndiyo kubwa kuliko zote. Mtu anayefanya miradi miwili agawanye saa zake. Mkaguzi akijumlisha asilimia za miradi yote na kupata 130, atakata.

Mabadiliko yoyote ya bajeti yaombwe kwa maandishi kabla ya kutumia. Simu ya afisa wa programu aliyesema "endeleeni tu" haihesabiki. Mwandikie barua pepe siku hiyohiyo ukieleza mlichokubaliana na umwombe athibitishe.

Kwenye malipo kwa matokeo, rekodi ya mteja ndiyo pesa yenyewe. Chukua nambari mbili za simu, maana laini hubadilishwa, nambari ya kifaa, picha ya kifaa kikiwa kimefungwa, mahali kilipo, na tarehe ya malipo ya kwanza. Mhakiki hupiga simu kwa sampuli, na mikataba mingine huchukua kiwango cha waliokosekana na kukikata kwenye orodha nzima. Kati ya wateja 1,000, akipigia 100 na 12 wasipatikane, unaweza kupoteza malipo ya 120. Kwa hiyo mpigie kila mteja wewe mwenyewe wiki mbili kabla, usahihishe nambari, ndipo uwasilishe.

Mkaguzi wa mwisho mteue tangu mwezi wa kumi wa mradi, si siku ruzuku inapoisha, kwa sababu asilimia 10 ya mwisho inamsubiri yeye na msimu wa ritani za Juni huwajaza kazi. Mpe rejista ya vifaa vyote vilivyonunuliwa, kila kimoja na mahali kilipo, pamoja na kifungu cha mkataba kinachosema vitakuwa vya nani baada ya mradi. Nyaraka zote zihifadhiwe angalau miaka mitano kama sheria ya kodi inavyotaka. Mkataba wa mfadhili ukitaja saba, fuata saba.